Ganda Moja

Siku ya tatu ya ukaguzi ukungu ulikataa kupanda.
Ulilala juu ya misonobari, juu ya bati la kiwanda,
na sisi wa zamu ya asubuhi tukasimama mstari
tukipuliza viganja, kila mtu na moshi wake mdomoni.

Wageni walikuwa watano. Makoti yao mazito kuliko magodoro yetu.
Walihesabu mashine, wakahesabu milango,
wakahesabu hata masanduku tunayokalia tukila makande.
Kila walichokihesabu walikifunga waya mwekundu
na lakiri ya risasi,
risasi ile nyingine, laini, isiyoua.

Mimi ni karani wa mizani. Kazi yangu shaba:
inaingia vibamba, inatoka maganda,
na kati ya kuingia na kutoka nipo mimi na kalamu.
Miaka kumi na mmoja kalamu yangu haikudanganya
ila mara moja.

"Limepungua ganda moja," akasema mkuu wao,
mama mrefu mwenye mafua,
Halvorsen kwenye kitambulisho, Havoseni midomoni mwetu.
Meneja Nyaulingo akacheka
kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe.
Ganda moja, kati ya laki tatu na ushee!
Mama yule hakucheka. Akasema lango lifungwe.

Likafungwa siku mbili.
Malori ya mbao yaliyokwenda Mafinga yakatupigia honi kwa dhihaka.
Mzee Kihwelo, ambaye kidole chake cha shahada
kilibaki kwenye mashine ya kukandamiza, mwaka ule wa mvua nyingi,
akaninong'oneza:
"Kidole changu nacho kilipungua.
Mbona hakuna aliyefunga lango?"

Nilijua ganda liko wapi.

Usiku wa pili nikamwambia bibi. Hakunigombeza.
Kulipokucha akajitanda blanketi, akashuka mlima na fimbo yake,
Bibi Sekinyaga,
akawapita askari wa lango kana kwamba ni nguzo za uzio.
"Kamwene," akawaambia wageni, akasubiri mpaka wakaitikia.
Kisha akatoa kifuani ganda la shaba
lililong'azwa na vidole vyake miaka sita,
kizibo chake gunzi la mahindi.

Bi Havoseni akachomoa gunzi, akanusa.
Akapiga chafya nne.
Hapo kiwanda kizima kikacheka, hata askari.

Bibi akangoja kicheko kiishe.
"Hili lilikuwa tupu, mwanangu. Mjukuu wangu kaniletea nitie tumbaku.
Mmelitafuta siku mbili, hata kula hamkula vizuri.
Sasa yale yaliyotoka hapa yamejaa,
yaliyopandishwa malori usiku, turubai limekazwa,
hayo nayo mnayafuata mpaka yalipokwenda kulala?
Mnabisha hodi kwenye nyumba hiyo?"

Mkalimani akakohoa. Yote yale
yakawa kwa lugha yao maneno manne, niliyahesabu,
kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Lakini mama yule alikuwa akimtazama bibi, si mkalimani,
na kalamu yake ikakaa juu ya karatasi muda mrefu
kama ndege asiyeamini tawi.

Fomu ina safu ya namba, safu ya uzito, safu ya hali.
Kwenye hali akaandika neno moja.
Nilimuuliza mkalimani maana yake, baadaye, karibu na choo.
"Linatumika," akasema.

Wakalitia mfuko wa nailoni, wakalipa namba, wakaondoka nalo.
Waya mwekundu ungalipo milangoni, unaanza kushika kutu.
Mimi nimekatwa mshahara miezi mitatu.
Bibi anaweka tumbaku kwenye chupa ya dawa ya kikohozi
na kila jioni analalamika:
haishiki harufu, plastiki,
haijui kutunza kitu.